Pumzi ya Mstari wa Pili

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita nilikuwa mezani nikisahihisha kurasa za kitabu kipya cha nyimbo cha kanisa letu hapa Uvira. Kamati ilinichagua kwa kuwa nafundisha Kiswahili, nami nilikubali kwa majivuno yale yale ambayo baba yangu, mhubiri mstaafu, ameyakemea tangu utoto wangu. Nilipofika wimbo wa arobaini nikakuta chini yake: “Mtunzi: mmisionari asiyejulikana.”

Mmisionari huyo alikuwa barazani akimenya muhogo.

Baba aliutunga wimbo ule bandarini Kalundu, akisubiri boti, huku akiwatazama wapagazi wakipita juu ya ubao wa kupandia boti na magunia mabegani. Hakuutia jina lake. Mwaka baada ya mwaka alihubiri kwamba anayetia sahihi wimbo anamwibia Mungu, na kanisa likamtii. Sasa kamati, kwa kuuona wimbo hauna mwenyewe na Kiswahili chake ni safi mno, ikaamua kwamba haukuweza kutungwa na mtu wa kwetu.

“Baba, wimbo wako wamempa muzungu.”

“Muzungu gani?”

“Hajulikani.”

Akacheka hadi kisu kikamponyoka. “Basi miye niko mu kitabu! Acha, mwana wangu. Weye unataka nisimame mu kanisa niseme nini? Kwamba miaka yote ile nilikuwa nabadanganya?”

Nikamwimbia kama ulivyochapwa. Katika mstari wa pili kamati ilikuwa imefuta kituo kifupi cha kupumua katikati na kuandika pembeni: “Kosa la zamani, limesahihishwa.” Nilipopitiliza pale bila kusimama, kicheko cha baba kilikatika.

“Pale ndipo mupagazi anatia muguu ku ubao,” alisema. “Asipopumua, anaanguka mu maji na gunia yake.”

Muhogo ule hakuumaliza.

Niliiandikia kamati kurasa mbili za hasira kuhusu jina. Baba alizisoma kwa makini, akasifu mwandiko, akawashia nazo jiko. Baada ya majuma matatu ya kubishana nilituma barua nyingine, kwa sahihi yangu, maana yeye hasaini kitu:

“Ndugu wapendwa, mmisionari wenu mwacheni alipo. Baba yangu anaomba tu mrudishe pumzi ya mstari wa pili. Ana hakika nayo, kwani siku wimbo ulipotungwa alikuwa amesimama karibu sana na mtunzi.”