Gari la Kumrudisha Mama Ganda

Mama alipoanza kusafishwa damu Kilifi, mara mbili kwa wiki, nilimwambia ahamie kwangu Bofa, karibu na hospitali. Alikataa. Ni mjane, na nyumba yake iko Ganda ndani kabisa, ubavuni mwa kaburi la baba. Kwetu mjane akiiacha nyumba ile, hawasemi amekwenda kutibiwa. Husema watoto wamemng'oa, na wa kwanza kusema angekuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyejenga ua mmoja na mama. Basi ikanilazimu nitafute gari la kumtoa huko na kumrudisha, masika na kiangazi, au nimwache afe na ukaidi wake.

Gari jipya halikuwa saizi yangu. Nilitaka lililotumika, la kubeba familia, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana udongo wa kwetu ukilowa hauna adabu. Likabaki swali la dizeli, petroli au gesi. Kuliuliza mbele ya wanaume wa Malindi ni kujitafutia balaa, kwa kuwa kila mmoja ana gari alilowahi kuliuza na bado analililia.

Nilianza na la gesi, kwa dalali mmoja wa Matsangoni. Aliapa kwamba linakula kidogo kuliko kuku. Nikafungua buti, nikaukuta mtungi umelala mle, umechukua nafasi yote niliyotaka mama ajinyooshe. Nikauliza gesi inajazwa wapi. Mombasa, akasema, wala hakupepesa macho. Nilipomsimulia mama, alicheka.

"Nikalale na mtungi mgongoni? Hata huu wa jikoni nauogopa."

La dizeli ndilo nililolipenda. Mwenyewe alikubali tulijaribu siku ya hospitali, akakaa mbele pamoja nami. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, na njia ya Ganda ilikuwa tope tupu, lakini gari lilipita tu. Tatizo ni kutetemeka. Mama, ambaye akitoka kwenye mashine huwa hana nguvu hata ya kufunga kanga, alishikilia mlango njia nzima, macho kayafumba.

"Dizeli ndivyo ilivyo, mama," mwenye gari akamwambia. "Inatikisa, lakini haikuachi njiani."

"Nimeona, mwanangu. Ahsante."

La petroli lilikuwa la jirani yangu wa Bofa, jepesi, la chini kidogo, kimya. Mama alisinzia hata Matsangoni hatujafika. Ila tulipoingia tope la Ganda tumbo lilikwaruza, tukateleza kando, na tukafika kwa kubahatisha. Kwangu mimi shauri lilikuwa limekwisha: dizeli, na godoro nyuma. Nikamwambia mama hivyo pale mlangoni pake, jirani akiwa ameinama kukagua tumbo la gari lake.

"Baba, chukua hili," mama akaniambia kwa sauti ya chini.

"Mama, hili masika halifiki hapa."

"Najua. Lile jingine litanifikisha kila siku, nami nimechoka, baba. Hili likishindwa na tope nitalala kwako, na shangazi yako atasema ni mvua."

Niliumia. Miezi yote ile nilidhani nabishana na ukaidi, kumbe nabishana na woga. Nikanunua la petroli.

Masika yaliyofuata yakatutupa. Vikaja vimanyunyu vya kulaza vumbi, kisha jua. Njia ya Ganda ilikauka ikawa ngumu, gari likafika kila safari bila taabu yoyote, na shangazi akalisifu mbele za watu. Mama aliteremka polepole zaidi kila mara, akitazama juu kwanza. Mahindi nayo yalikauka shambani, lakini sidhani alikuwa akitafuta mvua ya mahindi.

Alasiri moja, tulipotoka hospitali, sikushika barabara ya Malindi. Niligeuza kuelekea Bofa, nikasimama kando ya barabara nikampigia shangazi. Nikamwamkia, nikamwambia gari limeharibika, mama atalala kwangu. Akauliza litatengenezwa lini. Nikageuka nyuma, simu sikioni.

Kwenye kiti cha nyuma, mama alikuwa amejinyoosha na macho ameyafumba.

"Mwambie fundi hapatikani," akasema.