Damu ya Jirani

Mdomo wangu huu! Mke wangu husema Mungu aliponiumba alianzia mdomoni akasahau breki, na safari hii nakubali amesema kweli.

Binti yetu ana selimundu, ugonjwa wa damu aliourithi kwetu sote wawili, na tangu utotoni anaishi kwa kuongezewa damu. Mwaka huu alianza kuvaa sweta katikati ya joto la Bujumbura. Analala darasani, na mdogo wake ameshampita kimo. Daktari akampima, akasema tezi ya shingoni imelegea. Kila damu anayoongezewa ina madini ya chuma, mwili hauna njia ya kuyatoa, na kwa miaka yote hiyo yamejaa mpaka yakatua kwenye tezi. Akaandikiwa kidonge cha kumeza kila asubuhi kabla ya chai.

Basi mimi mjuaji nikaenda mtaani Cibitoke, kwenye gereji ya jirani yetu anayechomelea mageti, nikajitia udaktari mbele ya watu. "Ni damu za watu ndizo zimemuharibu mutoto shingo!" Jirani alikuwepo. Ndiye aliyemtolea binti yangu damu mara nyingi kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Aliinama, akaendelea na geti lake.

Tangu hapo akawa ananikwepa. Nilijua nimemkosea, lakini badala ya kumwomba radhi nikamkasirikia. Kwani nilimtaja? Akinuna na anune!

Wiki iliyopita binti akazidiwa. Macho yakawa ya njano, pumzi juu juu, hata kikombe hakuweza kukishika. Hospitalini wakasema akiba ya damu imepungua, tulete mtu wa kutoa. Niliwapigia ndugu: huyu yuko safarini, yule ana malaria. Nikaenda gereji, aibu imenivaa toka utosini hadi nyayoni.

"Kaka," nikasema, "mutoto yuko vibaya. Damu imemuishia. Najua umenikasirikia..."

"Mi?" Akavua miwani ya kuchomelea. "Apana, kaka. Mi nilikuwa naogopa. We ulisema damu za watu ndizo zimemuharibu, na mi ndiye nilimupa nyingi. Nikasema, huyu mutoto nimemuua mi mwenyewe."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Tangu siku ile niliacha bia," akasema. "Bibi yangu, mama watoto, ananipikia lengalenga kila siku, ile mboga ya kuongeza damu." Akakunja mkono wa shati, akautazama mshipa wake. "Unafikiri sasa imesafika?"

Nikamwambia kwa sauti kubwa, wasikie wote walionisikia siku ile, machozi yakinitoka bila breki, kwamba damu yake haina kosa, kwamba bila damu hiyo tungekuwa tumemzika binti yetu zamani, kwamba mwenye kosa ni mimi. Hakungoja nimalize. Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake.