Shusheni Majani, Tuhesabu Kura

Mimi naandika zaidi kuliko ninavyosema. Nikiulizwa darasani, jibu nalitoa nikiwa nimeangalia viatu vyangu, na mwalimu husema, "Haya, viatu vimesikia. Na sisi?" Kwa hiyo mwaka ule wa kidato cha tatu, mwalimu wa Uraia alipotoa kazi ya nyumbani, niliona kama amenitungia mimi makusudi. Kaka zangu walisoma Siasa. Sisi, vyama vilipokuwa vingi, tukaambiwa somo sasa ni Uraia. Kazi yenyewe: kila mmoja aende kwenye mkutano wa kijiji chake, ahesabu watu, na aulize swali moja. Kwa sauti.

Nilipanga kwenda, kuhesabu, kisha swali nilitunge nyumbani. Nasema ukweli tu.

Lakini mkutano wenyewe haukuwa wa kuchezea. Tulikuwa tumechimba mtaro wa maji kutoka chanzo kule juu mlimani, kila kaya kipande chake. Cha kwetu nilichimba na bibi, ninayeishi naye hapa Ikuti. Sasa mabomba yaliyoletwa yalitosha kituo kimoja tu cha kuchotea. Kiwekwe juu, madukani, au bondeni kwetu? Sisi wa bondeni tunachota kwenye chemchemi iliyo chini zaidi, na njia ya kupandia ina utelezi mwaka mzima. Bibi alikuwa ameshaanguka mara tatu, na mara zote ndoo ndiyo iliyopasuka. "Ya nne," alikuwa akisema, "ndoo itabaki nzima, kitapasuka kiuno." Yeye alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa sicheki.

Tulikutana uwanja wa shule ya msingi. Mwenyekiti alikuwa anaumwa, kwa hiyo mkutano uliendeshwa na mtendaji wa kijiji, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, hata miezi miwili hajamaliza. Watu walisema sana. Mwenye duka kubwa, aliyesimama mbele na mwavuli wake mweusi, alisema bomba likae madukani kwa kuwa huko ndiko maendeleo yanakoanzia. Mama mmoja wa bondeni akamjibu, "Maendeleo gani hayo yanaogopa kuteremka?" Watu wakaangua kicheko.

Ndipo mvua ikashuka. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Kufumba na kufumbua watu walikuwa wameingia migombani kando ya uwanja na kutoka kila mmoja na jani lake, amelishika juu ya kichwa, na mkutano unaendelea kama kawaida. Mtendaji alijibana chini ya upenu wa darasa akipiga kelele kushinda bati.

"Wanaotaka bomba likae madukani, wanyooshe mikono!"

Akatazama uwanja mzima. Akatabasamu.

"Nyote! Imepita kwa kauli moja!" Akainama kuandika.

Kwa sababu ya bati na mvua, wa nyuma hawakusikia kitu. Mimi nilikuwa karibu na upenu, daftari nimelificha ndani ya sweta, na nilisikia. Nikamtafuta bibi kwa macho. Alikuwa katikati ya watu, mkono juu kabisa. Bibi yangu! Apigie kura madukani! Halafu nikaona alichoshika mkononi.

Jani la mgomba.

Mtendaji alikuwa amehesabu mikono ya kujikingia mvua.

Nilisubiri mtu mzima aseme. Kalamu ya mtendaji ilikuwa inatembea, na nikajua akishafunga lile daftari, bibi ataendelea kupanda ule utelezi. Nikasogea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwanafunzi hapigi kura, mdogo wangu."

"Sipigi kura. Nina swali."

"Uliza haraka, tunafunga."

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimejaa matope, havikunisaidia. Nikainua uso.

"Mtu aliyeshika jani asilowe, tumemhesabu yuko upande gani?"

Mtendaji akanitazama, akatazama uwanja, ile mikono yote bado iko juu. Akashika kichwa. "Mungu wangu! Kwetu mvua ikinyesha watu wanatoka kuishangilia, hawajikingi!" Kisha akaniambia, "Mimi sauti imekwisha. Waambie wewe."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Shusheni majani! Kura inarudiwa!"

Habari ilivyofika nyuma, uwanja ulilipuka. "Kumbe tumeshapiga kura?" "Mimi nimepiga kura ya kutolowa!" Mwenye duka akanung'unika kwamba watu wa bondeni wanataka kuwaua wenzao kwa nimonia. Bibi ndiye wa kwanza kutupa jani lake chini.

"Maji nimeyabeba kichwani maisha yangu yote," akasema. "Haya ya bure ndiyo yaniue?"

Majani yakaanza kuanguka, moja moja, halafu yote. Ukabaki mwavuli mmoja.

"Mwavuli chini!" watu wakaimba. "Mwavuli chini!" Mwenye duka akakaza uso, akavumilia kidogo, kisha akaukunja, na mvua ilipompiga kwenye upara hata yeye akacheka.

Mtendaji akatoka upenuni akalowa pamoja nasi. Akaniambia mwenye macho ndiye ahesabu, yeye atanifuata nyuma kuhakiki. Nikapita katikati ya watu wazima nikihesabu kwa sauti, nikimgusa kila mmoja begani. Madukani kwanza, kisha bondeni. Nilipofika kwa bibi nikamkuta amenyoosha mikono yote miwili.

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu: nilitamani kuihesabu yote. Ile miguu iliyoanguka mara tatu nilitamani kuihesabu pia.

"Bibi, mmoja."

"Gwe mjukuu, huu mwingine nimechimbia mtaro!"

"Mmoja, bibi."

Akaushusha, analalamika kwa Kinyakyusa na walio karibu wanavunjika mbavu. Nikaendelea. Mwisho kabisa, pembeni ya mwenye duka, kulikuwa na mkono mwembamba umenyooka. Wa mke wake.

"Na wewe?" mume akauliza.

"Mama yangu anachota wapi?" akamjibu, bila hata kumgeukia.

Bondeni ilishinda kwa kura nne. Nilipoitangaza, bibi alicheza peke yake kwenye matope, akaanguka mara ya nne, akakaa pale pale chini akicheka. Kiuno kilikuwa kizima.

Daftari langu lililowa licha ya sweta, wino ukatapakaa. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Swali lako silisomi." Akanitaka niliseme mbele ya wote, na darasa zima likageuka kunitazama. Nikasimama, nikalisema.

Siku bomba lilipofunguliwa, mvua ilikuwepo vilevile. Wazee walimwachia bibi achote wa kwanza. "Ndaga fijo," akaniambia, kwetu hiyo ndiyo asante kubwa, akainama kuweka ndoo chini ya bomba. Mimi nikamshikia jani juu ya kichwa, kwa mikono yote miwili.