Magazeti ya Ukutani kwa Bibi

Mwaka jana alinijia dada mmoja mtafiti, akaniuliza watu wa Lituhi, kwetu kando ya Ziwa Nyasa, walikuwa wakisoma nini miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Alitaka ushahidi: daftari la maktaba, stakabadhi za vitabu, kitu cha kushika mkononi. Nikacheka, na nadhani alichukia. Maktaba sisi tuliisikia redioni tu. Tulichosoma ni kuta.

Nyumba ya bibi yangu mzaa baba ilikuwa ya matofali mabichi. Kuta zake kwa ndani zilibandikwa magazeti kwa uji wa muhogo, ili upepo wa ziwani usipenye kwenye nyufa. Magazeti hayo yalifika yamefungia sukari au yametandikwa chini ya makapu, na hakuna aliyejali ni ya mwezi gani. Zamani yalikuwa ya serikali na ya kanisa basi. Halafu biashara ikafunguliwa, yakaanza kuja ya watu binafsi, yenye makelele mengi, picha za wachezaji mpira na barua za watu waliosalitiwa na wapenzi wao.

Namna watu walivyoyapokea ilionekana palepale ukutani. Habari za mpira zilikuwa zimesuguliwa na vidole mpaka udongo ukatokeza. Mheshimiwa mmoja alitobolewa macho yote mawili kwa mwiba, na nyumba nzima hakuna aliyekiri. Barua za mapenzi zilikuwa karibu na jiko, na wanawake wa jirani waliokuja kuomba moto walikawia kupita mahitaji ya moto. Baba mdogo alizipaka masizi ili kulinda heshima ya nyumba. Wiki iliyofuata mtu alikuwa ameyafuta masizi yale kwa kitambaa chenye maji, mstari kwa mstari, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona hata kwa walimu.

Mimi nilizijua kuta zile kuliko wote, maana nilifungwa ndani yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kule milimani, nimeomba chuo cha ualimu, nikashuka ziwani kusubiri majibu. Wiki ileile bibi akapooza upande wa kulia. Wajukuu wa kike tulikuwa wawili, na mwenzangu alishaolewa. Baba akaniambia, "Utakaa na bibi kidogo." Hicho kidogo kilikula miezi saba. Nilimwogesha, nilimlisha, nilifua, nilitwanga. Shangazi, binti yake bibi, aliishi nasi lakini alikuwa mtu wa safari: alipandisha usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, hadi Kigonsera na Mkumbi kule milimani, akarudi na mahindi na maharage. Mbele yangu ziwa, nyuma milima, katikati mimi na beseni. Kuna siku niliichukia hata sauti ya mawimbi.

Mchana, kazi zikipungua, nilimsomea bibi ukuta. Utotoni alisoma kwa wamisionari, kiasi cha kuifuata katekisimu mwenyewe, lakini sasa alisema macho yamekufa. Alikuwa msikilizaji mgumu. Nikimsomea mkutano wa mawaziri aliuliza, "Hao wamekula?" Nikimwambia haikuandikwa, aliniambia niruke.

Kila mwaka kabla ya Pasaka wanawake walikandika kuta upya na kubandika karatasi mpya. Siku ya kukandika kwetu, mimi nilikuwa shambani nachimba muhogo. Shangazi alikuwa amerudi kutoka milimani asubuhi hiyo, na kesho yake mvua ikakata barabara. Niliporudi nilikuta juu ya kichwa cha bibi ukurasa mzima wa tangazo la friji. Limefunguliwa mlango, limejaa mayai, nyanya na kuku aliyenyonyolewa, na mwanamke kasimama kando anacheka. Sisi tusio na umeme tulilipenda friji lile kupita kiasi. Majirani walikuja kuliona. Shangazi aliyahesabu mayai. Mzee mmoja aliuliza kuku aliyekwisha kufa anapigiwa baridi ya nini. Nami nilimsomea bibi maneno yake kila siku, lita zake, rangi zake, dhamana yake, na yeye akataka nirudie. Nilifurahi kwamba amepata kitu cha kumpendeza.

Moyoni nilikuwa nahesabu siku. Majina ya waliochaguliwa kwenda vyuoni yalitangazwa magazetini, na barabara ilikuwa imekatika, hakuna gazeti wala barua. Mwishowe nilijiambia nimeanguka. Nililia chooni, maana ndiko mahali pekee nilipoweza kufunga mlango.

Mvua ilipokatika, mwalimu wangu wa zamani alishuka kutoka Kigonsera kwa ajili ya maziko, akapita kutusalimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe! Mbona uko hapa? Chuo kimefunguliwa, hii wiki ya sita."

Nikamwambia sikuchaguliwa.

"Nani kasema? Gazeti nilimpa shangazi yako kwa mkono wangu, kabla barabara haijakatika. Jina lako nikalipigia mstari mwekundu. Asiyeripoti ndani ya wiki mbili nafasi yake anapewa mwingine." Akatazama juu ya kitanda cha bibi. "Ukurasa wenyewe ulikuwa na friji nyuma."

Alipoondoka nilichukua kitambaa na maji, nikaanza kulibandua friji. Uji wa muhogo ukishakauka hauna huruma. Karatasi ilitoka vipande vipande, na safu za majina zikabaki zimeganda kwenye udongo, kinyumenyume, hazisomeki. Mstari mwekundu tu ulionekana, umechuja, mfupi kama ukucha.

Nikamgeukia shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilitaka kumpiga, sitaficha.

"Shangazi, si uliambiwa?"

"Niliambiwa ni lako. Ulikuwa shambani. Mimi herufi sizijui, nikampa mama alitazame hapo dirishani. Yeye ndiye aliyesema nilibandike, friji litazame huku."

Nilisubiri bibi akane. Ningemwamini, nadhani, nilikuwa na hamu ya kumwamini. Alisema kwa Kinyasa, polepole, kwa upande wa mdomo uliobaki mzima:

"Nililisoma jina lako. Nikasema labda ni la mwingine, nikalisoma tena. Ni wewe." Akavuta pumzi. "Nikaona, ukienda wewe, mimi nani atanigeuza?"

Shangazi alitoka nje. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa, maji yakinichuruzikia hadi kwenye kiwiko. Nilimchukia bibi yangu kwa moyo wangu wote, na nilijua kwamba hata barabara ikikauka leo sina pa kwenda. Yeye alikuwa amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi, na ngozi ya nyonga ilishaanza kuchubuka. Niliweka kitambaa chini, nikaingiza mikono chini ya bega lake, nikamgeuza.