Mtafiti Alimhoji Mume Wangu, Wivu Ukanifunga Mdomo

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, naishi Mbinga mjini, nina binti mmoja na shamba la kahawa kule Maguu nililoachiwa na marehemu mama yangu. Shajara naandika tangu nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo ninayosema hapa siyakisii.

Mume wangu ni ofisa wa mamlaka moja ya serikali inayodhibiti mazao. Mwezi uliopita walikuja watu kutoka Dodoma kuipima ofisi yao: je, ina uwezo wa kufanya utafiti, na inapoamua jambo inafuata ushahidi au inakisia tu? Aliyemhoji mume wangu ni dada mmoja mpole, mwenye tableti. Siku ya pili umeme ukakatika ofisini, mahojiano yakahamia sebuleni kwangu.

Jamani, wivu ni ugonjwa. Mimi nikimuuliza mume wangu jambo hujibu "tutaona", macho kwenye taarifa ya habari. Kwa dada yule aliongea mpaka chai ikapoa. Akacheka. Akachora na michoro. Mdogo wangu tuliyekuwa naye jikoni akaninong'oneza, "Dada, huyo chapati anamaliza, na shemeji anaondoka naye." Nilicheka, lakini moyo ulikuwa unaungua.

Nilipoingia kuongeza chai nikamsikia dada yule wa tableti akiuliza, "Kabla ya kuamua, huwa mnawasikiliza watakaoguswa na uamuzi huo?"

Mume wangu akajibu bila aibu, "Sana tu. Sisi hatuamui gizani."

Nusura niangushe chupa. Binti yetu alihamishiwa shule ya bweni Songea, na mimi nilijua siku nilipokuta tranka jipya mlangoni.

Mume wangu alipotoka kupokea simu, dada akaniambia, "Hongera mama, nasikia mnahamia Dodoma. Baba amekubali kuongoza kitengo kipya cha utafiti, na shamba mnalikodisha."

Ndiyo kwanza nasikia. Nadhani aliuona uso wangu, maana aliweka tableti chini akauliza taratibu, "Kwani wewe mwenyewe unataka nini?"

Tangu niolewe sijawahi kuulizwa hivyo. Jibu nilikuwa nalo: sitaki kuliacha shamba la mama. Lakini wivu ukanitangulia. "Muulize yeye, si ndiye mnayeelewana?" Akainama, akachukua tableti yake.

Jioni nikambana mume wangu. Akasema, "Mama, nilijua utakubali."

"Ulijuaje?"

"Miaka yote hii, nisikujue mke wangu?"

Ijumaa dada anarudi kuwasomea ripoti ofisini, kisha atakula kwetu, na nimeagizwa nichinje kuku. Bado namwonea wivu, na ndiye pekee aliyeniuliza. Ndugu zangu, nimpe jibu lake mezani, mume wangu akisikia, au niendelee kusubiri mume wangu aniulize? Niambieni kabla ya Ijumaa. Wa kunitukana apite tu.