Shemeji Alinifichia Plastiki Ukutani, Mume Wangu Akijua

Mhariri, kisa hiki kitoe lakini jina langu lifiche, maana huku Kibokoni mtu akipiga chafya mtaa mzima wajua. Nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi ofisi ya malori Shimanzi. Mimi, mume wangu na watoto wetu watatu tunaishi nyumba ya mama yangu mzazi. Ya mama yangu, nasisitiza!

Mama ana baridi yabisi, vidole vyake vimepinda. Tuko miaka ya tisini na bado namchemshia maji kwa makaa, nikipanda na ndoo ghorofani. Alfajiri nyingi hataki kuniamsha, anatawadha kwa maji baridi huku analia. Basi tulipokarabati choo cha juu nikasema mtambo wa kupasha maji kwa jua tutanunua baadaye, lakini bomba ziingie ukutani sasa, kabla ya plasta. Nikauliza wanaojua. Bomba za chuma zaliwa na maji yetu ya kisima, yana chumvi. Za plastiki hazihimili moto. Nikanunua za shaba, nikausindikiza mkokoteni mwenyewe hadi mlangoni.

Fundi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alinicheka. "Shemeji, mwanamke na bomba wapi na wapi?" Kwa heshima nikamwachia kazi, nikaenda zangu ofisini. Heshima hiyo ndiyo iliyoniponza!

Juzi akaja fundi wa mitambo ya jua kupima paa. Alikwangua plasta pale bomba zinapotokea, akaniangalia. "Mama, shaba ni hiki kipande cha nje tu. Ndani ni plastiki. Maji ya moto yakipita humu, bomba zitalegea zipasuke ukutani." Wallahi hamaki zilinipanda!

Mume wangu aliporudi nikamuuliza. Hata hakushtuka! "Anajenga kwake, aliihitaji ile shaba. Ni ndugu yangu. Na huo mtambo wenyewe uko wapi?" Ala! Miezi yote hiyo ananiona napanda na ndoo, kimya! Nikamwambia ukuta utavunjwa. Akanijibu, "Ukivunja ukuta huo, jua na mimi nimetoka. Sikai nyumba inayomwaibisha ndugu yangu."

Mama alikuwa akisikia yote. Akaniita chumbani. "Wacha mwanangu, mimi nishazoea. Usivunje ndoa yako kwa ajili ya vidole vyangu."

Hapo ndipo niliponuna kabisa. Wezi wao, lakini anayevumilia ni mama yangu, ndani ya nyumba yake! Mume wangu nampenda, sikatai, na talaka naiogopa. Lakini kila nikimtazama akila chakula alichopika mama kwa vidole vile, nataka kumpokonya sahani.

Nimeagiza fundi mwengine, Jumamosi anakuja na nyundo. Nishaurini jamani, nimfungulie mlango au nimrudishe?