Mkono wa Loisi

Pale Mpwapwa, miaka ile reli ya Mdachi ilipokuwa inakaribia Dodoma, ukitaka kumuudhi Loisi binti Yoramu ilitosha kumwambia kwamba Wagogo hawajui kula kitu zaidi ya mlenda. Angeacha anachokifanya, akutazame kuanzia miguuni hadi utosini, kisha akuulize ninyi kwenu mwaka wa njaa mlikula nini. Hakuwa mtu wa kunyamazia maneno. Watu walimvumilia kwa sababu ya mikono yake.

Mumewe, Seth, alikuwa amechukuliwa na watu wa boma kwenda kubeba mataruma ya reli. Loisi hakukaa kumlilia. Alifunga nguo kiunoni akashuka mtaa wa waungwana, nyumbani kwa Bi Mwanaharusi, ambaye baba yake alikuja na misafara ya pembe akaoa hapohapo asirudi tena pwani. Huko ndiko alikojifunza kusaga chatini ya kijani: kotimiri na nanaa kutoka bustani ya kijitoni, pilipili mbichi, ndimu na chumvi, vyote juu ya jiwe. Haikuwa kazi ya kutwa. Wali ukiwa bado unakauka maji, chatini ilikuwa tayari bakulini, inangoja nyama ya kuchovya.

Nyumba zile zilikuwa na desturi yake. Wageni wakishiba, mkubwa wao hugonga sinia na kuuliza, "Mkono wa nani?" Hapo mpishi hutoka uani, akapigiwa vigelegele na kufungwa leso mpya mabegani. Kila karamu aliyetoka alikuwa Bi Mwanaharusi. Loisi alibaki nyuma ya jiko akiosha jiwe, anasikia vigelegele vya jasho lake vikimwendea mwingine. Ilimuuma, wala hakuficha kwamba ilimuuma. Alisugua lile jiwe hadi wenzake wakamwonea huruma.

Basi Bi Mwanaharusi akawa anamwoza binti yake kwa watu wa Kilimatinde. Mambo yalimzidi, akamwita Loisi.

"Mwanangu, safari hii chatini ni yako, mwanzo hadi mwisho. Wakiuliza mkono wa nani, utatoka wewe. Lakini ujiandae mapema, usije ukanitia aibu mbele ya wakwe."

"Nimesikia, bibi. Aibu haitatoka kwangu."

Kujiandaa mapema! Mwambie hivyo mwanamke wa Kigogo uone atakachofanya. Atachuma mboga, atapanda juu ya tembe, atazianika kwenye paa lile la udongo mpaka zikauke kau, na baada ya hapo njaa ije na askari wa kodi waje, nyumba yake ina kitoweo. Mama yake Loisi alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya mama yake. Naye akaingia bustanini, akakata kotimiri yote na nanaa yote, hakubakisha hata shina la kuonjea, akavianika paani kwake. Kila jioni alivigeuza huku akiimba.

Asubuhi ya karamu akafungua kapu, akachukua konzi, akafikicha, akanusa. Hakuna kitu. Akanusa tena. Ilinuka nyasi za kuezekea. Akajaribu kuiloweka, maji yakageuka rangi ya ugoro. Mlenda ukikauka unabaki mlenda, lakini kotimiri harufu yake ndiyo roho yake, na roho hiyo ilikuwa imekwisha kwenda zake na jua. Uani masufuria yalikuwa yameshainjikwa, na wakwe walikuwa wamekwisha kufika.

Bi Mwanaharusi aliingia jikoni akaliona kapu. Alishika kichwa.

"Loisi! Umeniua mzima mzima. Bustani iko wapi?"

"Bustani ndiyo hiyo kapuni, bibi. Nimekosa. Usiepue wali, nakuja."

Hakungoja ruhusa. Alikimbia hadi kando ya korongo, ambako mvua za kwanza zilikuwa zimeichipusha mikwaju. Majani yale machanga ni machachu kushinda ndimu. Watoto wa Kigogo huyatafuna njiani wakichunga. Alichuma upande mzima wa nguo. Akavunja na kivumbasi kilichojiotea ukingoni, kinachonukia mpaka kinakupaliza. Pilipili mbichi bado zilikuwa mtini. Karanga zilikuwamo ndani, akazikaanga juujuu. Kisha akapiga magoti mbele ya jiwe, akasaga kama mtu mwenye ugomvi nalo, na wali ulipokauka maji bakuli lilikuwa limejaa kijani kibichi kinachong'aa.

Bi Mwanaharusi alichovya kidole. Akachovya tena.

"Hii siyo yangu," akasema.

"Siyo yako, bibi. Ni yangu."

"Basi utajibu wewe." Akalibeba bakuli mwenyewe, akalipeleka.

Loisi alisimama nyuma ya mlango wa uani. Alisikia vicheko vya wanawake, kisha vicheko vikapungua, kisha ikawa kutafuna tu. Alijua kuna kunyamaza kwa aina mbili mbele ya chakula, ila hakuweza kujua hii ni ipi. Mwisho sinia likagongwa. Bi Mwanne, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliuliza, "Hii ya kijani, mkono wa nani?"

Loisi akatoka, mikono yake kijani mpaka viwikoni. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kabisa, "Ah, kumbe Mgogo."

"Shikamoo, bibi. Mkono wangu, Loisi binti Yoramu."

"Marahaba. Umetia nini humu?"

Angeweza kusema kotimiri. Nani angebisha? "Majani ya mkwaju, bibi. Na kivumbasi cha korongoni na karanga. Ni majani ya kwetu, mwaka wa njaa ndiyo yaliyotulea."

Wanawake wakatazamana. Bi Mwanne alilivuta bakuli, akalipangusa kwa kidole pande zote, akakilamba kidole polepole bila haya. Aliyeanza kigelegele alikuwa Bi Mwanaharusi, na leso aliyomfunga Loisi mabegani aliitoa kwenye sanduku lake mwenyewe. Loisi hakuinama. Machozi yalimtoka akiwa ameinua uso, wote wayaone.

"Nisagie nyingine," alisema Bi Mwanne, "unifungie niende nayo Kilimatinde."

"Haifungwi, bibi. Hii husagwa ikaliwa papo hapo. Ukiitamani tena, mimi nipo Mpwapwa."